Sura ya Sita: Husamehewa Nini Mtu Ambaye Hajahukumiwa?

Kila inapowadia tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru wa Tanganyika, au tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, aghalabu hutangazwa redioni kwamba Rais amewasamehe wafungwa kadha wa kadha, na milango ya magereza hufunguliwa, na mama za watu huwapokea wanao kwa vigelegele. Siku hizo, katika mabaraza ya kahawa, hakosekani mtu mzima mmoja atakayekiweka kikombe chini na kuuliza: "Aliyeibiwa ni mimi, iweje asamehe mwingine?" Wenziwe humjibu, na jibu lao lina insafu ndani yake, kwamba mfungwa huyo alikwisha kusimama mbele ya hakimu, ushahidi ukasikilizwa, hatia ikathibitika, akala kifungo chake miaka kadhaa, na dola iliyomfunga ndiyo hiyo hiyo inayomfungulia.

Jibu hilo latosha kwa mwizi wa kuku. Lakini natuseme kwamba aliyesamehewa ni mkubwa wa nchi. Kwamba hajapata kupanda kizimbani hata siku moja, wala hakuna karatasi ya mashitaka iliyoandikwa jina lake. Na kwamba anayemsamehe ni mtu aliyekipata cheo chake kwa kuteuliwa na huyo huyo asamehewaye. Hapo, swali la yule mzee wa barazani hurudi likiwa na uzito mara kumi. Wamarekani walilikuta swali hilo Jumapili asubuhi, tarehe 8 Septemba 1974, nao hawajalimaliza mpaka leo. Nitakisimulia kisa chao kwa urefu kidogo, kwa kuwa sijui kisa kingine kionyeshacho kwa uwazi kama huo tofauti iliyopo kati ya kumsamehe mtu na kuizima kesi yake.

Msamaha wa Rais ni kitu gani?

Katika mazungumzo yetu neno msamaha lina upana mwingi, kwani humwomba msamaha jirani tuliyemkanyaga mguu, na Mwenyezi Mungu tuliyemwasi. Katika mambo ya dola, hata hivyo, neno hili lina maana maalumu, nayo yagawanyika katika sehemu nne:

- Msamaha kamili, ambao huondoa adhabu yote, na haki alizopoteza mtu kwa kosa lake hurejeshwa.
- Kupunguziwa adhabu, ambapo hatia hubaki pale pale ila kifungo hufupishwa, au kunyongwa hugeuzwa kuwa kifungo cha maisha.
- Kuahirishiwa adhabu, yaani mkono wa sheria huzuiwa kwa muda.
- Msamaha wa jumla, unaolikumba kundi zima la watu bila ya kuwataja mmoja mmoja.

Mamlaka haya Wamarekani waliyarithi kwa wafalme wa Uingereza. Mwaka 1787, wajumbe walipokutana mjini Philadelphia kuandika Katiba, walimkabidhi Rais mamlaka hayo karibu yote, wakamwekea mipaka miwili tu: asisamehe ila makosa yanayohusu serikali kuu ya shirikisho, si yale ya majimbo, na msamaha wake usiguse mashitaka ya Bunge, yaani ile njia ambayo wabunge huitumia kumshitaki na kumwuzulu Rais, jaji au afisa mkubwa. Wapo walioiona hatari mapema. George Mason, mjumbe wa Virginia, alionya kwamba huenda siku moja Rais akawasamehe watu kwa makosa aliyowashauri yeye mwenyewe kuyatenda, na hivyo akaziba njia ya kujulikana kwake. Akajibiwa kwamba Rais wa namna hiyo Bunge litamwuzulu. Na mwaka 1867 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba Rais aweza kumsamehe mtu wakati wowote baada ya kosa kutendeka, hata kabla mashitaka hayajafunguliwa. Nakuomba, msomaji, ulishike neno hilo "kabla", maana sura hii yote imesimama juu yake.

Utepe kwenye kitasa

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972, mlinzi kijana aitwaye Frank Wills alikuwa akizunguka katika jengo la Watergate mjini Washington, akauona utepe wa gundi umebandikwa juu ya kitasa cha mlango ili usijifunge. Akaubandua, akaendelea na zamu yake. Aliporudi akakuta utepe mwingine umebandikwa pale pale. Basi akawapigia simu polisi. Watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic, wana kamera na vyombo vya kunasia mazungumzo ya simu. Mmoja wao, James McCord, alikuwa mkuu wa usalama wa kamati iliyokuwa ikimpigania Rais Richard Nixon, wa chama cha Republican, achaguliwe tena.

Nixon alichaguliwa tena mwezi wa Novemba kwa kura nyingi mno. Januari 1973 watu saba, yaani wale watano pamoja na wawili waliowatuma, walifikishwa mbele ya Jaji John Sirica. Watano wakakiri makosa, na wawili, McCord akiwa mmojawapo, wakatiwa hatiani. Kesi ingaliweza kuishia pale, na waliokuwa nyuma ya pazia wakaendelea kulala usingizi wao. Lakini jaji yule hakuridhika, akasema waziwazi kwamba haamini kuwa ukweli wote umeelezwa. Na mwezi wa Machi akaisoma mbele ya mahakama barua aliyoandikiwa na McCord, iliyosema kwamba washitakiwa walikuwa wameshinikizwa wakiri na wanyamaze, na kwamba mashahidi walikuwa wamesema uongo.

Kuanzia hapo mambo yalifunguka kama fundo lililopata mfunguaji. Kamati ya Seneti chini ya Sam Ervin iliwahoji wasaidizi wa Rais mbele ya kamera za televisheni. Tarehe 16 Julai 1973 mmoja wao, Alexander Butterfield, alifichua kwamba ofisi ya Rais ilikuwa na mitambo iliyokuwa ikinasa kila neno kwenye kanda. Archibald Cox, mwendesha mashitaka maalumu, yaani mwanasheria aliyewekwa kando ya serikali ili aichunguze serikali yenyewe, alizidai kanda hizo. Rais akaamuru afukuzwe kazi, na Mwanasheria Mkuu pamoja na naibu wake wakaacha vyeo vyao usiku ule ule wa tarehe 20 Oktoba 1973 kuliko kuitekeleza amri hiyo. Aliyeshika nafasi ya Cox, Leon Jaworski, akazidai vile vile. Tarehe 24 Julai 1974 majaji wanane wa Mahakama Kuu, hata mmoja asipinge, wakaamuru kanda zitolewe. Na katika hao wanane watatu walikuwa wameteuliwa na Nixon.

Kanda moja, ya tarehe 23 Juni 1972, ilitosha kummaliza. Ndani yake Nixon, siku sita tu baada ya wezi kukamatwa, asikika akikubali shirika la kijasusi la CIA litumiwe kuwazuia wapelelezi wa FBI wasiendelee na uchunguzi. Kuzuia haki isitendeke ni kosa la jinai katika kila nchi yenye mahakama. Tarehe 9 Agosti 1974 Nixon alijiuzulu, akiwa Rais wa kwanza wa Marekani kufanya hivyo.

Kwa muhtasari: palitokea wizi, wizi ukafichwa, na aliyeuficha akajulikana kwa sauti yake mwenyewe. Lililobakia lilikuwa ni mahakama kunena.

Jumapili ya tangazo

Aliyeurithi urais alikuwa Gerald Ford, mtu mpole aliyekaa bungeni miaka karibu 25 bila ya doa, ambaye hakupata hata mara moja kupigiwa kura na nchi nzima. Nixon ndiye aliyemteua kuwa Makamu wake, baada ya makamu wa kwanza, Spiro Agnew, kujiuzulu Oktoba 1973 kwa sababu ya kesi ya kukwepa kodi. Watu walimpokea Ford kwa furaha, kama watu watokao katika chumba chenye moshi.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili tarehe 8 Septemba, akiwa ametoka kanisani, Ford aliketi mbele ya kamera akasoma tangazo la kumpa Nixon msamaha kamili na usio na masharti kwa makosa yote dhidi ya Marekani aliyoyatenda, au ambayo huenda aliyatenda, kati ya tarehe 20 Januari 1969 na tarehe 9 Agosti 1974. Yasome tena maneno hayo. Hayataji kosa lolote kwa jina, hayasemi kwamba limetendeka wala kwamba halikutendeka. Yanafunika miaka mitano na nusu, siku ya kwanza ya urais hata ya mwisho, kama blanketi lifunikavyo kitanda ambacho hakuna anayeruhusiwa kutazama kilicho juu yake.

Nixon naye alitoa taarifa yake. Alikubali kwamba alikosea, kwamba hakulishughulikia jambo la Watergate kwa uthabiti na uwazi upasao. Lakini kwamba alivunja sheria, hilo hakulitamka, wala hakulitamka hata kufa kwake.

Msemaji wa Ikulu, Jerald terHorst, rafiki wa Ford wa miaka mingi, alijiuzulu siku ile ile, akisema kwamba dhamiri yake haikumruhusu kuutetea msamaha kwa mkubwa ilhali vijana waliokataa vita vya Vietnam kwa ajili ya dhamiri zao hawakusamehewa. Imani ya wananchi kwa Ford, iliyokuwa karibu asilimia 70, ilianguka hadi karibu asilimia 50 mnamo wiki chache. Miaka miwili baadaye akashindwa na Jimmy Carter kwa kura zisizo nyingi, na wengi husema kwamba Jumapili ile ndiyo iliyomshinda.

Hoja za Ford zipimwe kwa haki

Si adili kumhukumu mtu bila ya kuzisikiliza hoja zake, na Ford alikuwa na hoja. Jaworski alikuwa amemwarifu kwamba ingepita miezi tisa, au mwaka, au zaidi, kabla ya kupatikana baraza la wazee wa mahakama lisilokwisha kutiwa sumu na habari za magazeti. Kisha kesi yenyewe, kisha rufaa. Muda wote huo nchi ingekuwa imesimama, bei za vitu zikipanda, vita vya Vietnam havijaisha, na Rais mpya akiulizwa kila asubuhi habari za Rais wa zamani. Kadhalika Nixon alikuwa mgonjwa wa mishipa ya mguu, na mwezi wa Oktoba mwaka ule alikaribia kufa. Wahenga wetu wangelimpatia Ford maneno ya kujitetea nayo: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Kulikuwa na tuhuma nzito zaidi, kwamba palikuwa na mapatano ya siri, urais kwa msamaha. Ilijulikana kwamba tarehe 1 Agosti, siku nane kabla ya Nixon kuondoka, mkuu wa watumishi wa Ikulu, Alexander Haig, alimwendea Ford akamtajia njia kadhaa ambazo jambo lingeweza kumalizika, msamaha ukiwa miongoni mwao. Ford alifanya jambo ambalo marais hawalifanyi: tarehe 17 Oktoba 1974 alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge, akahojiwa, akakana katakata kwamba palikuwa na mapatano yoyote. Mimi namwamini. Na baada ya kuondoka madarakani alitembea na kikaratasi ndani ya pochi yake, kilichonukuliwa kutoka hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1915, isemayo kwamba msamaha hubeba ndani yake dhana ya hatia, na kuukubali ni kuikiri.

Kikaratasi hicho hunihuzunisha kila ninapokifikiri. Mtu aliyeamini kwamba ametenda haki alilazimika kukibeba mfukoni ushahidi wa jambo ambalo mahakama ya wazi ingalilitangaza kwa nchi nzima. Kukiri gani huko kunakosomwa katika pochi ya mtu mwingine?

Mwaka 2001 taasisi ya kumbukumbu ya John F. Kennedy ilimtunukia Ford nishani ya ushujaa, na Seneta Edward Kennedy, aliyeupinga vikali msamaha ule mwaka 1974, alisema hadharani kwamba sasa aona Ford alifanya sawa. Wengi wamegeuka pamoja naye. Mimi sikugeuka, na sababu yangu naieleza hapa chini.

Ni nani aliyedhulumiwa?

Katika sharia ya Kiislamu, ambayo wazee wa mwambao waliijua kwa kuketi mbele ya makadhi wao, damu ya aliyeuawa ina wenyewe, nao ni warithi wake. Wao ndio wenye hiari ya kudai kisasi, au kupokea dia, au kusamehe, na mtawala hana ruhusa ya kuichukua hiari hiyo mikononi mwao akaitumia apendavyo. Hata asiye Mwislamu ataitambua hekima iliyomo: afuu ni mali ya aliyedhulumiwa, na mtu hagawi mali isiyo yake.

Basi, katika Watergate, aliyedhulumiwa ni nani? Si Ford. Ni wapiga kura, ambao uchaguzi wao uliingiliwa na watu wa giza na kisha wakadanganywa miaka miwili mfululizo. Utasema kwamba Rais ni wakili wao, na husamehe kwa niaba yao. Nakubali, lakini wakili husamehe deni linalojulikana kiasi chake. Msamaha wa kabla ya kesi ni kufuta deni ambalo daftari lake halijafunguliwa, na mwenye mali haambiwi alikuwa akidai ngapi. Kwa hiyo lawama yangu kwa Ford si kwamba alisamehe, kwani angaliweza kungoja mahakama itamke, kisha siku ya hukumu akamwepusha mgonjwa yule na jela, na mtu muungwana asingelimlaumu. Lawama yangu ni kwamba alisamehe mapema, na kwa kuwahi kwake akawanyima wenye haki jambo moja ambalo ni wao peke yao waliokuwa na haki nalo, yaani kuujua ukweli wote kwa kiapo.

Na utazame yaliyowapata watumishi wa Nixon. Kesi ya wasaidizi wake ilianza Oktoba 1974, na tarehe 1 Januari 1975 John Mitchell, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, pamoja na H. R. Haldeman na John Ehrlichman, waliokuwa mkono wa kulia na wa kushoto wa Rais, walitiwa hatiani kwa njama za kuzuia haki. Kila mmoja wao alikaa gerezani mwaka mmoja na nusu hivi. Jopo la raia lililoandaa mashitaka hayo lilikuwa limemtaja Nixon kuwa mshiriki wa njama asiyeshitakiwa. Njama ilikuwa moja, nayo ilisikika katika kanda zile zile. Waliotumwa wakafungwa, na aliyewatuma akawa nyumbani kwake California, akingoja kuandika kitabu cha maisha yake.

Mlango uliobaki wazi

Marais waliofuata waliuona mlango huo aliouacha wazi Ford, wakaupita. Tarehe 24 Desemba 1992 George Bush, aliyekwisha kushindwa uchaguzi na akiwa amebakiza wiki nne tu, aliwasamehe watu sita katika kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri na kuwapa waasi wa Nicaragua fedha zake. Mmoja wao, Caspar Weinberger, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, kesi yake ilikuwa ianze mapema Januari, na Bush mwenyewe alikuwa Makamu wa Rais mambo hayo yalipotendeka. Hofu ya Mason ya karne mbili nyuma haikuwa ya bure. Tarehe 20 Januari 2001, siku yake ya mwisho, Bill Clinton alimsamehe mfanyabiashara Marc Rich, aliyekuwa ameikimbia mahakama na kuishi Uswisi. Tarehe 1 Desemba 2024 Joe Biden alimsamehe mwanawe kwa makosa aliyotenda, au huenda alitenda, tangu Januari 2014, maneno yaliyoshonwa kwa kipimo kile kile cha mwaka 1974. Na tarehe 20 Januari 2025 Donald Trump, siku ile ile ya kuapishwa, aliwapa msamaha au nafuu watu wapatao 1,500 walioshitakiwa kwa uvamizi wa Bunge wa tarehe 6 Januari 2021, ambao kati yao wengine kesi zao zilikuwa bado hazijasikilizwa. Vyama ni viwili, na mlango ni mmoja.

Na Katiba zetu?

Hapa nina neno la kumfurahisha yule mzee wa barazani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 45, yampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu "aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama". Maana yake, kwanza hukumu, kisha rehema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 133, nayo yazungumza habari za mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, tena yamtaka Rais afuate ushauri wa kamati maalumu, na kamati hiyo imeruhusiwa kuyazingatia maoni ya waliodhulumiwa. Swali la "iweje asamehe mwingine?" limepata, walau kwa Wakenya, mahali pake ndani ya sheria mama.

Sisemi kwamba kwetu wakubwa hawaponyoki, kwani mashitaka yaweza kufutwa kwa njia nyingine kabla hayajasikilizwa, na hiyo nitaijadili katika sura ijayo. Nasema tu kwamba maneno hayo machache ni hazina, na siku atakapotokea mtu wa kushauri yafutwe, ili Rais apate kusamehe kabla ya kesi kwa ajili ya amani ya nchi, msomaji wangu akikumbuke kisa hiki na akatae.

Richard Nixon alifariki tarehe 22 Aprili 1994, na marais wote wa Marekani waliokuwa hai wakahudhuria maziko yake. Hakuna hakimu aliyepata kumsomea shitaka. Frank Wills, yule mlinzi aliyeuona utepe, alikosa kazi ya kudumu, na mwaka 1983 mahakama ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja kwa kuiba jozi ya viatu dukani.